Umeme Uliopita Juu ya Shamba Letu

Kijiji chetu kiko katika wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Juu ya shamba la mama yangu zinapita nyaya nene za umeme. Nyaya hizo zinatoka Hale, kwenye mto Pangani. Huko Hale mitambo ya kufua umeme kwa nguvu ya maji ilianza kazi mwaka 1964. Nyaya zinakwenda Chalinze, na kutoka huko umeme unafika Dar es Salaam. Sikumbuki siku zilipowekwa. Mimi nilipopata akili nilizikuta.

Chini ya nyaya hizo tulilima mahindi na mihogo. Wakati wa mvua nyaya zilitoa mlio kama wa nyuki. Watoto tuliogopa, tukakimbia. Jua likizama tuliwasha kibatari. Mafuta ya taa yakikosekana dukani, tulikula mapema, tukalala.

Mama yangu hakusoma shule alipokuwa mtoto. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Darasa likafunguliwa kijijini, chini ya mwembe. Mama alijiunga nalo. Alikwenda jioni baada ya kutoka shambani, na mdogo wangu mgongoni. Mwaka 1975 alifanya mtihani wa taifa wa kisomo, akafaulu. Cheti chake alikitia katika bahasha, akakiweka chini ya godoro. Aliposoma, aliweka kidole chini ya kila neno, wala hakuruka hata moja. Neno asilolijua aliliulizia.

Mimi nilimaliza Kidato cha Sita mwaka 1979. Nikaenda Jeshi la Kujenga Taifa. Baadaye nikafanya kazi katika karakana ya shamba moja la mkonge. Mwaka 1982 nikapata barua ya kuitwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusomea uhandisi wa umeme.

Usiku wa kuniaga, watu walijaa uani. Mama akauliza mbele ya wote:

"Mwanangu, huo umeme unapita juu ya kichwa changu kila siku, na mimi nalala na kibatari. Kwa nini haushuki hapa kidogo, halafu ukaendelea na safari yake?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Mama hakucheka.

"Unacheka," alisema, "lakini hujajibu."

Ni kweli. Sikuwa na jibu.

*

Chuo Kikuu kipo juu ya kilima. Watu hupaita Mlimani. Kitivo cha Uhandisi kilikuwa bado kichanga. Kilianza mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule. Kabla ya hapo, kijana aliyetaka kuwa mhandisi alilazimika kwenda nchi nyingine.

Nilidhani siku ya kwanza tutapewa nyaya na taa. Tulipewa tupa. Kila mwanafunzi alipewa kipande cha chuma, akaambiwa akisugue kwa tupa mpaka kila upande unyooke na kila pembe iwe sawa. Mwalimu alipima kwa rula ya chuma na kutazama kama mwanga unapenya. Mwanga ukipenya, unarudia. Mimi nilirudia mara nne. Viganja vilitoka malengelenge. Mimi niliyeshika jembe tangu utotoni nilishangaa kuona malengelenge.

Tupa ilikuwa rahisi kuliko hesabu. Hapa, ndugu msomaji, nitasema ukweli ambao sikuwaambia watu wa nyumbani wakati ule. Mwaka wa kwanza nilianguka mtihani wa hesabu.

Umeme wa majumbani hauendi upande mmoja tu kama maji ya mto. Huenda mbele na kurudi nyuma, mara 50 katika sekunde moja. Kitu kinachobadilika namna hiyo hakipimwi kwa kujumlisha na kutoa tu. Inatakiwa hesabu ya vitu vinavyobadilika. Tena kuna namba moja ya ajabu. Ukiizidisha kwa yenyewe, unapata kasoro moja. Namba hiyo huioni sokoni wala ghalani. Wahandisi wa umeme huiandika kwa herufi j, kwa sababu herufi i wamekwisha kuitumia kwa mkondo wa umeme. Mimi niliiona kama uchawi. Nilikariri bila kuelewa. Mtihani ulipogeuza swali kidogo tu, nikapotea.

Nilipewa nafasi ya kurudia mtihani kabla ya mwaka mpya wa masomo. Ukianguka tena, unarudi nyumbani. Nilifikiri juu ya watu waliojaa uani. Nilifikiri juu ya kuku waliochinjwa.

Wakati huo ndipo nilipopata barua kutoka kwa mama. Aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa. Ilikuwa barua ya kwanza aliyopata kuniandikia. Ilianza kama barua zote: sisi hapa hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Kisha habari za mvua, na mbuzi aliyezaa mapacha. Mwisho aliandika: "Lile swali langu umelipatia jibu? Watu wananiuliza."

Nikaona aibu. Sikumjibu kwa muda wa mwezi mzima.

Kilichonisaidia kilikuwa vitu viwili. Kwanza, mwenzangu mmoja wa chumbani alikuwa hodari wa hesabu. Kila usiku alinikalisha mezani. Hakunipa majibu. Aliniambia nichore. "Hesabu hii ni picha," alisema. "Ni mshale unaozunguka. Hiyo j ni kugeuza mshale robo ya mzunguko, basi." Nilipoanza kuchora, uchawi ukaanza kuondoka.

Pili, katika maktaba nilisoma habari za Michael Faraday, Mwingereza. Alizaliwa mwaka 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, na nyumba yao ilikuwa maskini. Alisoma shule kidogo sana. Alipofika miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Mchana alishona vitabu vya watu, na nafasi ikipatikana alivisoma. Katika vitabu hivyo ndimo alimoanza kujua habari za umeme. Hesabu zenyewe hakuzijua vizuri maisha yake yote. Lakini mikono yake ilikuwa na subira, na macho yake yalitazama sana.

Mwaka 1831 Faraday alichukua pete ya chuma. Upande mmoja aliizungushia waya mwingi. Upande wa pili akazungushia waya mwingine, usiogusana na ule wa kwanza. Alipounganisha waya wa kwanza na betri, sindano iliyokuwa karibu na waya wa pili ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoikata betri, sindano ilitikisika tena. Umeme ulikuwa umetokea katika waya ambao haukuunganishwa na kitu chochote chenye umeme! Lakini ulitokea wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima tu. Maana yake, usumaku ukibadilika karibu na waya, umeme unazaliwa ndani ya waya. Usipobadilika, hauzaliwi. Ndiyo sababu umeme wa kwenda na kurudi una faida kubwa. Huo hubadilika siku zote.

Nilisoma habari hiyo mara mbili. Sikujua bado kwamba pete ile ndiyo ilikuwa na jibu la mama.

Mtihani wa marudio nilifaulu. Si kwa alama za kujivunia.

*

Sasa nitaeleza jambo baya.

Mwaka 1984, nikiwa likizo, nilikwenda nyumbani. Kijijini palikuwa na mashine ya kusaga ya injini ya dizeli. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyeisimamia. Katika kibanda cha mashine kulikuwa na jenereta ndogo kuukuu, ambayo mtu aliiacha kama malipo ya deni. Nilifikiri: injini ipo, jenereta ipo, na mimi nimesoma miaka miwili. Nikasema nitawasha taa katika nyumba ya darasa la watu wazima, ili wasome usiku. Nyumba hiyo ilikuwa jirani na mashine.

Wazee wote walifurahi. Mama alifurahi kupita wote. Mjomba peke yake aliuliza:

"Ni salama?"

"Nimesoma, mjomba," nilimjibu.

Nilifunga jenereta kwenye injini kwa mkanda. Nikavuta nyaya mbili, nikazipitisha chini ya ukingo wa bati. Nilikumbuka kutoka darasani kwamba upande mmoja wa jenereta hufungwa ardhini. Basi nikapigilia chuma chini, nikaufunga. Jioni ile taa tatu ziliwaka. Watu walipiga makofi. Kikongwe mmoja alishika kitabu chake karibu na taa, kana kwamba anaota moto.

Siku ya pili fyuzi ilikatika. Nikaweka nyingine. Siku ya tatu ikakatika tena. Siku ya nne pia. Fyuzi zikaniishia. Mjini ni mbali. Nikachukua kipande cha waya mnene, nikakifunga mahali pa fyuzi. Taa zikawaka bila taabu. Nilijiona fundi.

Jioni ya siku ya tano mvua ilinyesha. Mjomba alitoka kutega ndoo chini ya mfereji wa bati, akinge maji. Alisimama kwenye tope, miguu mitupu. Akaushika mfereji kwa mkono wa kulia. Hakuweza kuuachia.

Umeme wa namna ile hukaza misuli ya mkono. Anayeshika kwa kiganja hushikwa. Nilisikia sauti ambayo si ya kulia wala ya kuita. Nilikimbia ili nimvute. Hilo nalo lilikuwa kosa, maana umeme ungenipitia na mimi. Kijana aliyekuwa kwenye mashine alizima injini kabla sijafika. Mjomba akaanguka. Kama injini isingezimwa, tungezikwa wawili.

Msomaji, mambo haya yashike. Mtu akinaswa na umeme wa nyumbani, usimguse. Kwanza zima umeme. Kama huwezi kuuzima, simama mahali pakavu, umsukume kwa mti mkavu. Ikiwa ni waya wa nguzoni ulioanguka, usisogee kabisa. Mti wako hautakusaidia. Wazuie watu, uite wenye umeme.

Mjomba alipumua. Tulimpeleka zahanati kwa baiskeli, kesho yake hospitali. Kiganja kilikuwa kimeungua mpaka ndani. Kilipona, lakini vidole viwili havikunyooka tena.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa amelala, mkono umefungwa. Alinitazama kwa muda mrefu. Hakugomba.

"Nilikuuliza kama ni salama," alisema. "Ukaniambia umesoma."

Sikuweza kuongeza neno. Nilifungua nyaya zote, nikazikunja, nikazitia ndani ya gunia. Darasa likarudi kwenye taa ya chemli.

*

Niliporudi Mlimani sikutaka kuendelea. Niliona ni heri nikasomee ualimu. Palikuwa na fundi mmoja wa maabara, mtu mzima, mpole. Yeye hakuwa na digrii. Lakini mashine ikigoma, hata walimu walimwita. Aliniona sigusi vyombo. Akaniuliza. Nikamweleza yote.

Hakunilaumu, wala hakunipa pole. Aliuliza swali moja:

"Fyuzi ilikatika mara ngapi?"

"Mara tatu, mzee."

"Basi ilikuambia mara tatu."

Alinikalisha kwenye benchi, akatoa fyuzi ndogo ya kioo. Ndani yake mlikuwa na uzi mwembamba. "Katika njia yote ya umeme," alisema, "tunaweka mahali pamoja palipo dhaifu kwa makusudi. Umeme ukizidi, panayeyuka hapo kwanza, kabla nyumba haijaungua. Fyuzi ikikatika si kwamba imeharibika. Imefanya kazi yake. Kazi yako wewe ni kutafuta kwa nini."

Tukatafuta pamoja, kwa kuchora. Ukingo wa bati ulikuwa umezichubua nyaya zote mbili. Upepo ukitikisa bati, nyaya ziligusana, fyuzi ikakatika. Nilipoweka waya mnene, waya mmoja uliungua na kukatika hapo penye mchubuko. Huo wa pili, wenye moto, ukabaki umelala juu ya bati. Bati lote likawa na umeme, pamoja na mfereji. Mjomba alipoushika, umeme ulipita mkononi, ukatoka miguuni, ukapita katika udongo uliolowa mpaka kwenye kile chuma nilichopigilia mwenyewe. Nilikuwa nimekumbuka nusu ya somo. Nusu nyingine ni kwamba vyuma vyote ambavyo mtu anaweza kuvigusa lazima navyo viungwe kwa waya wa ardhi. Vikiungwa hivyo, umeme ukipotea njia unapata njia nyepesi kuliko mwili wa mtu, na fyuzi inakatika mara moja.

Kisha akanipa hesabu ndogo. Globu ya wati 60 hupitisha kama robo ya ampea. Sehemu moja ya kumi ya ampea, ikipita kifuani, inaweza kusimamisha moyo wa mtu. Maana yake, umeme usiotosha hata kuwasha globu moja vizuri unatosha kuua.

"Unataka kuacha," alisema. "Ukiacha, nani atakwenda kuweka waya wa ardhi kwa mjomba wako? Atakuja mwingine ambaye hajawahi kuogopa."

Nikabaki.

*

Masomo ya elektroniki, yaani umeme mdogo wa redio na simu, sitayaeleza sana. Niliyapenda, lakini hayakuwa njia yangu. Neno moja tu. Ndani ya redio mna vipande vidogo viitwavyo transista. Transista ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1947. Nyingi zilizofuata zimetengenezwa kwa silikoni, kitu kinachotolewa katika mchanga. Umeme kidogo sana ukiingia mguu mmoja wa transista, unaongoza umeme mwingi unaopita miguu mingine, kama mtoto anavyoongoza ng'ombe kwa fimbo. Ndiyo maana sauti dhaifu iliyokuja hewani kutoka mbali inaweza kujaza nyumba. Redio yetu ya nyumbani nilipata kuitengeneza mara mbili kwa elimu hiyo. Mara ya tatu niligundua kwamba betri ziliwekwa kinyume.

Kila mwaka, masomo yalipokwisha, tulipelekwa kazini kujifunza kwa vitendo. Mwaka 1985 nilipelekwa Hale. Nilitetemeka kwa furaha. Nyaya za shamba letu zinaanzia hapo.

Mitambo ya Hale iko chini ya ardhi. Unashuka mpaka unafika kwenye ukumbi mkubwa uliochimbwa ndani ya mwamba. Humo mna mitambo 2, kila mmoja wa kilowati 10,500. Maji ni ya mto Pangani, yaliyotoka Kilimanjaro na Meru. Yanashuka kwa nguvu, yanazungusha gurudumu, na gurudumu linazungusha sumaku kubwa katikati ya nyaya. Sumaku inapita mbele ya nyaya, umeme unazaliwa. Ni jambo lile lile la Faraday, isipokuwa hapa sakafu inatetemeka.

Lakini nilichokwenda kukitazama kila siku kilikuwa nje, juu. Palikuwa na masanduku makubwa ya chuma, yamejaa mafuta, yanavuma. Hizo ni transfoma. Ndani yake mna chuma kilichozungushiwa waya pande mbili. Ni ile pete! Upande mmoja mizunguko ni michache, upande mwingine mingi. Umeme unaingia kwa volti chache, unatoka kwa volti nyingi. Pale ulitoka kwa volti 132,000.

Mwezi ule ulipokwisha nilikwenda nyumbani. Nilimkuta mama anapukuchua mahindi. Mjomba alikuwapo. Nikasema, "Mama, nimekuja na jibu." Nikachora kwa kijiti ardhini.

Nilimwambia hivi. Volti ni msukumo. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani nguvu inayofika. Tuseme unataka kupeleka wati 132,000. Ukipeleka kwa volti 220, kama zile za majumbani, utahitaji ampea 600. Ukipeleka kwa volti 132,000, utahitaji ampea 1 tu. Sasa, kinachochemsha waya njiani ni ampea. Tena ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Waya ule ule, kwa ampea 600, ungepata joto mara 360,000. Ungeyeyuka, na Dar es Salaam wasingepata kitu.

Mama aliacha kupukuchua. Alifikiri.

"Kumbe ni kama kupeleka fedha za pamba mjini," alisema. "Ukibeba sarafu, gunia litakuvunja mgongo, na nyingine zitadondoka njiani. Ukibeba noti, unafika mzima."

"Ndivyo, mama."

"Basi hiyo inayopita hapa juu ni noti kubwa."

"Kubwa sana."

"Na hapa kijijini hakuna mwenye chenji."

Niliduwaa. Miaka mitatu nilikuwa natafuta maneno ya kumweleza transfoma. Yeye aliyapata kabla sijafika hapo. Ndiyo, transfoma ndiye mwenye chenji. Lakini kuvunja volti 132,000 si kazi ya sanduku dogo. Inatakiwa kituo kizima, chenye transfoma kubwa, swichi kubwa na watu wa kukilinda. Kutoka hapo umeme hushushwa kuwa volti 33,000, unapelekwa vijijini kwa nguzo, na huko transfoma ndogo inaushusha tena mpaka uingie nyumbani. Gharama yake ni kubwa. Nchi haikuweza kujenga kituo kila palipo na kijiji chini ya nyaya.

"Kwa hiyo kosa si la umeme," mama alisema.

"Si la umeme."

"Ni la chenji." Akaendelea kupukuchua.

Mjomba alikuwa amesikiliza yote, mkono wake mapajani. Aliuliza kitu kimoja: kile chuma cha ardhini kinakaa wapi katika mchoro wangu. Sikuwa nimekichora. Nikakichora.

*

Nilimaliza Chuo Kikuu mwaka 1986. Nikafanya kazi ya umeme mpaka nilipostaafu. Nimefunga transfoma nyingi katika mikoa mingi. Kijijini kwetu sikuweza kufunga hata moja, maana mwajiriwa hachagui njia ya nguzo. Mwaka 2007 ulianza kazi Wakala wa Nishati Vijijini, ambao watu wengi huuita REA. Hata hivyo zamu yetu ilifika mwaka 2014. Tangu mitambo ya Hale ilipoanza ilikuwa imepita miaka 50.

Siku hiyo nilikuwa nyumbani. Transfoma ilikuwa juu ya nguzo mbili, karibu na lile darasa. Mama alikuwa mzee, lakini miguu yake ilikuwa bado na nguvu. Alitoka na fimbo yake, akasimama chini, akaitazama.

"Ndiye huyu mwenye chenji?"

"Ndiye."

"Mbona mdogo?"

Siku hizi umeme wa nyumbani hununuliwa kabla ya kutumiwa, kwa mita ya LUKU. Unaponunua unapewa namba ndefu yenye tarakimu 20, nawe unaibonyeza katika mita. Kijana wa jirani alitaka kumsaidia. Mama alikataa. Alivaa miwani, akashika karatasi kwa mkono wa kushoto. Akaweka karatasi ukutani, kidole chini ya tarakimu ya kwanza. Alisoma kwa sauti, akabonyeza, akasogeza kidole. Alikosea tarakimu ya 14, akafuta, akaanza upya. Hakuna aliyethubutu kusema neno. Mita ikalia, mlio mdogo.

Taa ya sebuleni ilikuwa bado imezimwa. Watu wakamwita mjomba aje aiwashe, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba. Alikuja pole pole. Alisimama mbele ya swichi, lakini hakuigusa. Akanigeukia.

"Nionyeshe fyuzi."

Nilifungua kisanduku, nikamwonyesha. Siku hizi ni swichi inayojikata yenyewe, inarudishwa kwa kidole. Akaniambia niikate. Nikaikata. Akaniambia niirudishe. Nikairudisha.

"Na chuma cha ardhini?"

Tulizunguka nyuma ya nyumba. Waya wa kijani wenye mstari wa njano ulishuka ukutani, ukaingia kwenye kishimo kidogo. Mjomba aliinama. Akaushika ule waya kwa mkono wa kulia, kwa vidole vitatu vinavyokunjika vizuri, akauvuta kwa nguvu. Haukutoka. Akauvuta tena.

Kisha tukarudi ndani, akawasha taa.